Jeshi Lilitaka Wapendane, Lakini Kwa Kipimo

Wasee wa Bomeni, mnajua tunaishi ndani ya uwanja wa vita? Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakateka Taveta, wakakaa hapa hadi Machi 1916. Kile kilima cha Salaita tunachokipita na matatu tukienda Voi, watu walikufa pale. Makaburi ya wanajeshi tunayo hapa hapa mjini. Lakini leo siongei mizinga. Naongea mapenzi. Ndiyo, mapenzi kati ya wanajeshi.

Anza na mmoja aliyezikwa Voi. Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kikosi chake kilibanwa na adui akiwa hatua chache tu. Dartnell akapigwa risasi mguuni. Wenzake walikuwa tayari wanambeba kumtoa. Akaona kuna majeruhi wengine, walioumia vibaya zaidi, ambao hakuna mtu angeweza kuwabeba. Akasisitiza aachwe nao, akitumaini kwamba akiwepo pengine wataokoka. Akafia pale, na miaka 30 tu. Uingereza ikampa Victoria Cross, medali yao kubwa kuliko zote ya ushujaa.

Sasa tulia kidogo. Mwanaume anakataa kuokolewa kwa sababu ya wanaume wengine. Jeshi liliita ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini mtu wa kawaida hapa mtaani angesema tu, huyo aliwapenda. Sisemi Dartnell alikuwa na mpenzi kambini. Nasema vita vinaendeshwa na mapenzi ya aina hii. Mnalala hema moja, mnagawana maji kwenye nyika isiyo na maji, mwenzako akishikwa na malaria unamfunika na blanketi lako. Hakuna mtu anayekimbilia risasi kwa ajili ya ramani. Anakimbilia kwa ajili ya yule aliye kando yake.

Jeshi linajua hilo, tena linalitaka. Shida ni pale mapenzi yanapovuka mstari. Jeshi lile lile lililotoa medali lilikuwa na mahakama ya kijeshi kwa wanaume waliopatikana pamoja. Na huko Uingereza, sheria ya 1885 ilikuwa inawafunga raia hadi miaka miwili na kazi ngumu. Kwa hiyo kama wawili walipendana pale Maktau, nani angeandika? Barua zenyewe zilisomwa na maofisa kabla hazijatumwa.

Hata waliojua kuandika walifutwa. Mwaka 1917 washairi wawili wa Kiingereza, Wilfred Owen na Siegfried Sassoon, walikutana katika hospitali ya wanajeshi Edinburgh. Sassoon alipenda wanaume, na hilo leo linajulikana wazi. Owen alimheshimu kupita kiasi, kisha akarudi vitani, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla vita viishe. Baadaye mdogo wake, Harold, alizipitia barua za marehemu akaondoa vifungu alivyoona vinaleta aibu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "hakuna ushahidi", muulize kwanza nani alishika mkasi.

Na huku kwetu? Watu hupenda kusema mapenzi haya yameletwa na wazungu. Sawa, tuangalie kilicholetwa na wazungu. Mwaka 1897 walianza kutumia sheria za India katika himaya yao ya Afrika Mashariki, pamoja na kanuni ya adhabu ya mwaka 1860 yenye kifungu maarufu cha 377. Kenya ikapata kanuni yake mwaka 1930, na kifungu cha 162 kipo hadi leo, miaka 14 jela. Uingereza iliruhusu mashoga jeshini mwaka 2000. India ililegeza 377 mwaka 2018. Mahakama Kuu yetu ilikataa Mei 2019. Wenye sheria wameshaitupa, sisi tumebaki tunailinda kama urithi wa babu.

Halafu kuna wale ambao hata urafiki wao hakuna aliyeuandika. Wabebaji wa Carrier Corps, ndio hao jina lao likawa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, wakabeba mizigo ya jeshi. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa magonjwa kama kuhara damu na malaria. Dartnell ana kaburi lenye jina. Wao? Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kati ya hao kuna aliyembebea rafiki yake mzigo akiugua. Kuna aliyemzika mwenzake kando ya njia halafu akaamriwa aendelee kutembea. Na pengine kuna waliopendana zaidi ya hapo. Siwezi kuwapa majina, na sitawabunia. Lakini kimya chao siwezi kukichukua kama jibu kwamba hawakuwepo.

Kama kwenu kuna mzee aliyesimuliwa habari za Kariokor, muulize wiki hii. Usiulize vita tu. Uliza babu alitembea na nani, na huyo mwenzake alirudi?