Mizimu ya Karema ni ya Nani?

Karema ni mji mdogo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, magharibi ya Mpanda. Wasomaji wetu wengi waujua kwa misheni yake ya zamani, na siku hizi kwa bandari yake mpya. Lakini ngome yake ya kale imepata sifa nyingine kwa wasafiri. Kijana mmoja Mzungu, mwenye kubeba vitu vyake vyote katika mfuko mgongoni, alipita hapa kwetu akishika njia ya kwenda huko, akasema ameambiwa kwamba ngome ile ina mizimu. Alikaa Karema siku mbili, kisha akarudi. Usiku, alisema, alisikia mawimbi na mbwa, basi. Ndipo akatuuliza: “Hivi, ninyi walimu, mizimu hiyo ni ya nani hasa?” Aliuliza kwa kucheka, akapanda gari akaenda zake, lakini swali lake lastahili jibu refu.

Nchi hii haikosi mizimu. Katavi, jina la hifadhi ya wanyama na la mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, lenyewe ni jina la mzimu. Wazee husimulia kwamba Katavi alikuwa mwindaji hodari, na ya kuwa roho yake yakaa katika mkwaju karibu na ziwa dogo liitwalo kwa jina lake. Watu wameacha sadaka chini ya mti huo tangu zamani. Huko ziwani nako, kaskazini ya Karema, iko rasi ya Kabogo. Cameron alipopita kwa mtumbwi mwaka 1874 aliwaona watu wake wakitupa shanga majini mbele ya rasi hiyo, ili shetani wa mahali pale awaache wapite salama. Sisi Wakristo hatuitumikii mizimu. Walakini hatuwezi kuandika habari za nchi hii tukajifanya hatukuisikia.

Sasa angalieni jambo moja ambalo mgeni hakulijua. Mizimu kwa desturi ya wazee wetu haikuwa kama vizuka vya vitabu vya Ulaya, vinavyomtisha kila apitaye. Mzimu wa nchi una mahali pake na watu wake wajuao namna ya kuuendea. Mzimu wa mfu ni wa ukoo. Babu aliyesahauliwa humwendea mjukuu wake, humtia ugonjwa au ndoto mbaya, mpaka atambikiwe. Mpita njia hana deni naye. Basi, ukitaka kujua mizimu ya Karema ni ya nani, yakupasa kuuliza kwanza nani walikufa pale, na ukoo wao u wapi.

Ngome ilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa ajili ya Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho mkuu wake alikuwa Mfalme Leopold wa Pili. Kijana Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 22, alifika hapo mwaka 1880, akashangaa kwamba watu wenye akili walichagua mahali penye kinamasi namna ile. Tena ziwa lenyewe liliwakimbia. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibuka, maji yakatoka kwa nguvu, ziwa zima likashuka mita kadhaa. Ngome iliyojengwa ili itazame maji ikabaki nyuma, mbali na pwani. Mfalme Leopold alijaribu hata kuleta tembo wanne kutoka India, waliofunzwa kazi, wachukue mizigo badala ya wapagazi. Waliteremshwa karibu na Dar es Salaam mwaka 1879, nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Kapteni Carter, aliyewaongoza, aliuawa huko Mpimbwe mwezi wa Juni 1880, pamoja na mwenzake Cadenhead, vita vya Mirambo vilipofika kule. Na Kapteni Ramaeckers, aliyeishika ngome baada ya Cambier, alikufa Karema kwenyewe mwaka 1882. Kwa kanuni ya wazee wetu, mzimu wake ungalikwenda Ubelgiji kuwasumbua watu wa kwao.

Mwaka 1885 ngome ilitiwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, aliwasaidia kuilinda nchi na wateka watu, mpaka alipovuka kwenda Mpala, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1887. Tangu hapo Karema ikajaa watu wa namna nyingine kabisa: watoto na wanawake waliokombolewa katika utumwa. Wengine walitoka Kongo, wengine mbali zaidi, wakapitishwa ziwani katika mitumbwi ya wafanya biashara. Mapadre waliwanunua kwa nguo na shanga, wakawalea, wakawafundisha, wakawaoza, wakawapa mashamba. Ilikuwa kazi ya huruma. Lakini tusifiche neno: mtoto aliyekombolewa hakuulizwa angependa kwenda wapi, na mara nyingi hakuweza kurudi kwao hata kama angaliulizwa, kwa kuwa alitekwa akiwa mdogo mno kuijua njia.

Aliyewatibu watu hao naye alikuwa mmoja wao. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, Afrika ya Magharibi. Aliibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe wakamkomboa huko Aljeria, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta akasomee uganga wa Kizungu. Alifika Karema mwaka 1889. Alioa binti wa mtemi wa Kibende, na mwana wao Yosefu akapata upadre mwaka 1923. Atiman aliwatibu watu wa kando ya ziwa, huku akifundisha dini, mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka 67! Huko Sumbawanga iko hospitali iitwayo kwa jina lake. Twaona ajabu kwamba mgeni anaweza kulala Karema siku mbili akitafuta wafu, asisikie habari za mtu huyu.

Basi, mizimu ya Karema ni ya nani? Wale waliokombolewa walipokufa, babu zao walikuwa wamezikwa nchi nyingine, na huko hakuna aliyepata habari kwamba mtoto wao amefariki. Hapakuwa na mjomba wa kumlilia, wala shangazi wa kutoa jina kwa mtoto atakayezaliwa. Walizikwa na majirani, waliokuwa watumwa wenzao jana, kwa majina ya ubatizo. Waliozaliwa na watu hao ndio wa kwanza kuwa na babu aliyelala katika udongo wa Karema, na tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu wote, wana kaburi la kwenda kulipalilia.