Opera Mini

Opera Mini ni kivinjari cha simu kilichobuniwa na kampuni ya Opera ya Norwei na kuanza kutumika mwaka 2005, awali kwenye simu za vitufe zenye Java. Ukurasa unaoombwa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa, ndipo ukatumwa kwenye simu ukiwa mwepesi. Ukubwa wake unaweza kupungua kwa hadi asilimia 90. Hilo huokoa bando, tena hufaa mahali kama Bumbuli, Tanzania, ambako miinuko na mabonde ya milima ya Usambara huweza kudhoofisha mawimbi. Kasoro za kivinjari hiki zinatokana na njia hiyohiyo: kurasa zenye JavaScript nyingi huvurugika, na, lililo zito zaidi, katika ubanaji wa juu kabisa seva hufungua hata kurasa zilizosimbwa, hivyo hali hiyo haifai kwa miamala ya benki.