Mti wa Babu

Mwishoni mwa masika, njia zinapoanza kukauka lakini majani bado yanadondosha maji, mimi na mama yao tuliwachukua watoto kutembea msituni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Vitabu vya Ulaya husifu majira ya machipuko. Sisi tunayo majuma haya machache. Binti alikuwa na miaka saba, mdogo wake minne. Kwa mtoto wa miaka minne kilomita moja ni safari, maana kila konokono ni kituo.

Penye mwamba wenye unyevu binti aliona maua madogo ya zambarau. Nikamweleza kuwa mwaka 1893 ua hilo lilipewa huko Ujerumani jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa kikoloni aliyelipeleka kwao kutoka Tanga. Sasa limo vyunguni, madirishani mwa Ulaya na Marekani. Wajerumani angalau hulitaja Usambara katika jina wanaloliita.

"Na miti hii kaipanda nani?" akauliza mdogo.

"Mungu," akajibu mama yao.

Ni kweli, lakini Amani si kweli yote. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti, wakaleta miti ya kila bara. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia ya bahari ilipofungwa, magome ya mikwinini ya hapa yaliwatolea dawa ya malaria, hadi Waingereza walipoingia mwaka 1916. Waliochimba mashimo na kubeba miche hawakuandikwa majina.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliofuata. Katika miaka ya 1960 alikuwa kibarua wa misitu, akipanda misizi palipokatwa mbao. Msizi ni mti wa Afrika, asili yake upande wa Uganda na Kagera, na hukua upesi mno. Hadi uzeeni alikuwa akinyoosha fimbo: "Ule wangu."

Nikawaonyesha mmoja. Wakapiga makofi. Hondohondo akaruka kutoka juu yake, mabawa yakivuma, wakapiga tena. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, lakini ualimu ni ugonjwa. Nikasema kwamba ndege huyo hula matunda ya msizi na kuzitawanya mbegu. Kila penye mwanya msituni msizi huota, ukaisonga miti ya asili. Wataalamu wamelilalamikia jambo hilo tangu miaka ya 1980, na mahali penyewe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997.

Binti alikaa kimya. "Kwa hiyo babu aliharibu?"

"Babu alitumwa kuziba pengo walilofanya wengine." Lilikuwa jibu la kweli, nami nililisema kama wakili.

Wakati huo mdogo alikuwa ameng'oa mche wa msizi, si kwa kuutetea msitu, ila kwa kuwa ulitoka kwa urahisi. Alitaka kuupanda kaburini kwa babu. Nikamwambia hapa hakitolewi kitu, nikauchukua. Kisha nikasimama nao. Kuutupa ilikuwa ndiyo busara, na msitu ungenishukuru. Binti alikuwa akinitazama.

Nikachutama, nikaurudisha shimoni mwake, nikaushindilia udongo kwa vidole.