Shinkansen na Majirani Zake wa Nagoya

Tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya kufunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, Wajapani walizindua reli ya Shinkansen baina ya mji huo na Osaka, masafa ya kilomita 515, ambayo treni ya umeme, ikienda kwa kasi ifikayo kilomita 210 kwa saa, iliyakata kwa muda wa saa nne. Na sifa zake zikaenea ulimwenguni, wala hazikuwa sifa za uongo.

Walakini waliosifu walikuwa abiria, na abiria hasikii asikiacho jirani wa reli. Kusini mwa mji wa Nagoya, ulio kwenye reli hiyo, njia ilipitishwa juu ya nguzo katikati ya makazi, nyumba nyingine zikiwa hatua chache tu kutoka relini; na palipokuwa na daraja la chuma lisilotandazwa kokoto chini ya mataruma, mshindo wa magurudumu ulishuka moja kwa moja juu ya mapaa, ukatikisa madirisha na vyombo kabatini, tangu saa kumi na mbili alfajiri hadi usiku wa manane. Mwaka 1974 wakazi 575 walilishtaki Shirika la Reli la Taifa, wakidai fidia, na zaidi ya fidia, wakitaka treni zipunguze mwendo zipitapo kwao. Mwaka uliofuata serikali iliweka kiwango cha kelele, desibeli 70 penye makazi ya watu. Lakini mahakama, katika hukumu yake ya 1980, iliamuru fidia ilipwe, ikakataa, kwa ajili ya maslahi ya umma, kuamuru mwendo upunguzwe. Naiona hukumu hiyo kuwa nusu ya haki, kwani ilikiri dhara kisha ikaliacha liendelee. Na suluhu haikupatikana hadi 1986.

Kasi ilipozidi, adha nyingine ikazuka mahandakini: treni iingiapo huisukuma hewa iliyo mbele yake, na wimbi la hewa hiyo, likienda kwa mwendo wa sauti, huitangulia na kutokea upande wa pili kwa kishindo kama cha radi. Mhandisi Eiji Nakatsu, mpenzi wa kutazama ndege, alizingatia mdomo wa mdiria, achupaye majini pasipo kurusha maji mengi. Na treni iliyoanza kazi 1997, yenye kufikia kilomita 300 kwa saa, ikaundiwa pua ya mita 15 kwa mfano wa mdomo huo. Pua hiyo ilimega nafasi ya abiria, hata gari la mbele likapungukiwa viti na kukosa mlango mmoja.