Pointi Moja na Nusu

Makerere, Uganda, ilipofungua milango mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wavulana, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kaulimbiu yake ya awali, kwa Kiingereza, ilikuwa na maana ya “Na tuwe wanaume.” Sisi tunaoambiana “jikaze kiume” hatuwezi kuicheka sana. Ila mwaka 1945 walipoingia wasichana sita wa kwanza, maneno hayo hayakukaa sawa tena. Chuo kikachukua kaulimbiu nyingine, ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo.

Maneno yalibadilika upesi kuliko watu. Sarah Nyendwoha, binti kutoka Hoima, alifika Makerere akitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa somo hilo akagoma: hafundishi maadamu kuna mwanamke darasani. Sarah akahamia historia.

Hapo ndipo napenda kusimama kidogo kila ninaposikia mjadala wa nani ana akili za hesabu, mvulana au msichana. Mtu angeyachambua matokeo ya darasa lile angeandika, bila kusema uongo, kwamba aliyefaulu hisabati ni mwanamume. Orodha ya matokeo haina safu ya waliorudishwa mlangoni.

Historia hiyo aliyoiangukia ikampeleka Oxford, akahitimu mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada. Akarudi Uganda kufundisha, akakuta mshahara wake uko chini ya ule wa wanaume wenye kazi ileile. Akaukataa: afadhali afundishe bure kuliko kupunjwa. Serikali ya kikoloni ikaona aibu, ikarekebisha. Watanzania wa umri fulani wanamfahamu kwa jina la mumewe, Sam Ntiro, mchoraji wa Kichaga aliyeiwakilisha Tanganyika jijini London.

Miongo ikapita, wanawake wakabaki wachache chuoni. Mwaka 1990 ndipo ikaja pointi moja na nusu: kila msichana anayeomba kuingia chuo kikuu cha umma akaongezewa kiasi hicho juu ya alama zake za kidato cha sita. Ni kidogo, lakini katika kugombania nafasi za sheria au udaktari watu huachana kwa nusu pointi. Idadi ya wasichana ikapanda mara moja. Na lawama zikaja, nyingine za haki kabisa: waliofaidi zaidi walikuwa mabinti wa shule za bweni zenye jina, kama Gayaza na Namagunga. Binti wa Karamoja aliyeacha shule darasa la tano angeiongezea wapi hiyo pointi?

Lakini nyongeza hiyo inaishia getini. Ndani ya chuo mtihani ni mmoja, na hakuna anayebebwa. Katika mahafali ya miaka ya karibuni Makerere, wanawake wanaovaa joho wamekuwa wengi kuliko wanaume.

Isipokuwa uhandisi. Huko wavulana bado wamejaa, na anayetaka kuingia huulizwa kwanza alipata ngapi katika hisabati.