Somo Nililofundisha Vibaya

Mwaka juzi nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, nikatembea mpaka kwenye magofu ya Husuni Kubwa. Neno husuni lina maana ya ngome, walakini hili lilikuwa jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua, na birika la pembe nane. Siku hizi limebaki kuta tu. Paa zilianguka zamani.

Karibu na birika nilimkuta mwalimu akiwaambia wanafunzi wake kwamba jumba lile lilijengwa na wageni, na wenyeji walikuwa vibarua tu. Alipogeuka alinitambua. Nilimfundisha katika chuo cha ualimu miaka ya 1980.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kwa furaha. "Nawapa somo lako lile lile."

Nilipigwa na butwaa. Kweli, lilikuwa somo langu. Ndivyo nilivyofundishwa nami, wala sikupata kulihoji.

Nilimwomba ruhusa nizungumze na watoto. Kwanza niliwaambia kuwa kosa ni langu, si la mwalimu wao. Kisha niliwaonyesha kuta za matumbawe yaliyochimbwa hapo hapo pwani, yakaunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Niliwaonyesha vyumba virefu lakini vyembamba, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Huo ni ufundi wa watu waliozijua bahari na mikoko yao. Ni kweli kwamba ukoo wa sultani unahusishwa na Yemen, na Kilwa, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, ilipokea mengi kutoka ng'ambo. Lakini Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliandika kuwa wakazi wake wengi walikuwa watu weusi. Mji ulikuwa wao.

Njiani kurudi nilijaribu kuhesabu walimu waliopitia mikononi mwangu, na madarasa waliyofundisha kila mmoja. Nilishindwa. Mwalimu hustaafu, lakini kosa lake huendelea kufundisha. Siwezi tena kuwaita wote darasani. Kwa hiyo nimeliandika sahihisho hili hapa, labda litamfikia mmoja wao.