Njia ya Chuma Usukumani

Kabla chuma hakijalazwa juu ya ardhi ya Unyamwezi na Usukuma, njia ya kwenda pwani ilikuwa ni bega la mtu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walichukua pembe za ndovu hadi Bagamoyo, safari ya miezi, wakarudi na nguo, shanga na habari za bahari. Wajerumani walipoifikisha reli ya kati Tabora mwaka 1912, bega hilo lilianza kukosa kazi. Kisha Waingereza wakatoa tawi kutoka Tabora kwenda kaskazini, likapita Isaka, Shinyanga na Malampaka, na mwaka 1928 likafika Mwanza.

Tawi hilo, lenye urefu wa takriban kilomita 380, lilikusudiwa kwanza pamba, abiria walifuata. Kabla yake, marobota ya Usukumani yalivushwa ziwa kwa meli hadi Kisumu, yakapanda reli ya Uganda na kuteremkia Mombasa. Baada yake, yakapata mlango wa Dar es Salaam. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: njia zilibadilika, lakini mzigo uliishia bandarini vilevile, na bei yake ikapangwa ng'ambo.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Nayo almasi haihitaji behewa, hutosha kifukoni. Geita, magharibi ya ghuba ya ziwa, dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930, na reli haikuelekezwa huko. Aliyeihitaji reli kwa dhati ni mkulima, mwenye mzigo mzito na bei nyepesi. Na ni huyo mkulima, aliyechoka kupunjwa kwenye mizani, aliyeanzisha vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli ilibaki kwa shirika la taifa. Mwaka 2007 ikakodishwa kwa kampuni yenye ubia wa Kihindi, na haikupita miaka mitano ikarejea mikononi mwa Serikali. Katika kupanda na kushuka huko, aliyeumia kwanza ni yule wa stesheni ndogo, ambaye treni ya abiria ikikosekana hupoteza safari na soko kwa pamoja: walaji wa viazi vyake na wanunuzi wa kuku wake walikuwa madirishani mwa mabehewa.

Mwaka 2021 ulianza ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341. Bila shaka itakwenda kasi kuliko ile ya 1928. Lakini hesabu yake iwe na safu mbili: tani zitakazopita, na stesheni ambazo treni itasimama.